Nimepewa maiki ya kitchen party, mteja anataka nimchambe wifi wa mtu. Nifanyeje?

Fundi wa Rangi Tatu (mleta mada)

Habari za humu wadau, na hasa nyie mashoga zangu mnaopita kimya kimya bila kuandika hata neno. Leo naomba mtoe sauti.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Mbagala, si mbali na Rangi Tatu. Nashona madera, sare za vikoba, magauni ya send-off, na mapazia kwa wale wanaolipa kwa wakati, yaani pazia sijashona siku nyingi. Kibandani kuna benchi na ndoo mbili za rangi nilizozigeuza, na hazikai bila mtu. Nusu ya wanaokaa hapo hawana nguo ya kushona. Wamekuja kucheka.

Kwa wasionijua, mdomo wangu ni wa hivi. Mteja ananionyesha picha kwenye simu, mrembo kiuno kimekatika kama alishonwa na yeye, ananiambia fundi nataka hivi hivi. Namjibu sawa dada, gauni nitalileta mimi, huyu mtu wa kwenye picha utamleta wewe. Juzi konda wa daladala ananipigia kelele, "Mama sogea nyuma!" Nikamuuliza nyuma ipi, ya gari au yangu? Maana yangu imeshafika dirishani. Gari zima likacheka, na konda siku hiyo hakunidai nauli, au alisahau, sijamkumbusha.

Na si mimi peke yangu. Jirani yangu mama lishe ni hatari kunishinda. Mteja anamuuliza, "Mama, mbona sioni nyama?" Anamwambia iko chini ya wali, we kula tu. Kaka wa watu anakula mpaka sahani inang'aa, anasema sijaiona. Mama lishe hata hageuki, anachochea kuni: "Basi umeipita, ulikuwa mbio."

Sasa mwaka jana mteja wangu mmoja aliachwa na MC siku ya shughuli yenyewe, akanipa maiki mimi niliyekwenda kupeleka gauni. Tangu hapo naitwa. Mume wangu hana neno, anasema bora nikayamalizie huko ukumbini, nikirudi nyumbani niwe nimechoka. Mama mkwe ndiye hapendi. Anasema mwanamke mzima kusimama kuchekesha watu ni kujivunjia heshima, na kwamba kwao hajawahi kutokea wa namna hiyo. Hilo nalo nitaomba ushauri wake, ila si la leo.

La leo ni hili. Kuna dada amenifuata kibandani, mdogo wake anaolewa mwezi ujao. Ukumbi uko Temeke, sare ni kitenge cha njano. Tumepatana bei, kalipa nusu, kisha akavuta ndoo karibu akaanza kunong'ona. Anataka nimpe vidonge vyake dada wa bwana harusi. Huyo wifi, siku ya kupeleka mahari, alisema mbele za watu kwamba kaka yake anajitolea tu, maana binti ana mtoto wa nyumbani. Maneno yale yamewakaa rohoni. Sasa wanataka siku ya kitchen party akae meza ya mbele, mimi na maiki yangu nimmalize, na kwa kazi hiyo naongezewa elfu hamsini.

Shida yangu si kwamba sina maneno. Shida ni kwamba ninayo tele. Usiku ule ule nikiwa kwenye mashine ya ovaloki yakaanza kuja yenyewe. Nimeambiwa huyo wifi anaishi kwa kaka yake, basi nikapata hili: "Kuna wifi alikuja kumsalimia kaka yake mwaka juzi, mpaka leo bado anasalimia." Nimecheka peke yangu mpaka mtoto kaamka.

Naomba wenye uzoefu mniambie. Utani unaishia wapi na mchambo unaanzia wapi? Na mwanamke akishika maiki, anaruhusiwa kufika wapi?

Nawasilisha.

Baba Mzigo

Dada yangu, kwa heshima na taadhima, kuchekesha tuachieni sisi. Mwanamke anajua kucheka, kuchekesha ni kazi nyingine. Kumbuka Ze Comedy, kumbuka Orijino Komedi. Wanaume watupu. Nchi nzima ilikuwa inakaa mbele ya TV kwa ajili ya wanaume.

Fundi wa Rangi Tatu

Karibu kaka Baba Mzigo, chukua ndoo ukae. Umesema kweli, walikuwa wanaume. Sasa nisaidie kitu kimoja: mbona wakitaka watu wavunjike mbavu, mmoja wao alikuwa anavaa dera na kujifunga kilemba? Kama kwetu hakuna kichekesho, walikuwa wanakuja kuazima nini?

Baba Mzigo

Nimekaa paleee. Endeleeni.

Bi Mwana wa Makorora

Mwanangu fundi, salamu kutoka Tanga. Mie chumvi nimeshaila, unisamehe nikirefusha.

Ujana wangu nimeitikia kwenye kikundi cha taarabu hapa hapa. Mji huu ulikuwa na Black Star, ukawa na Lucky Star, ukamtoa Shakila. Ukizaliwa Makorora au Ngamiani, usipojua kuimba basi utajua kutunza. Na jibu lako liko kwenye kutunza, maana nawasikia vijana mnasema mipasho, mipasho, mkidhani mwimbaji husimama akamkabili fulani bin fulani. Hatukuwa tukimtaja mtu.

Ilikuwa hivi. Ubeti unaimbwa, hauna jina ndani yake. Hapo mama mmoja ananyanyuka kule nyuma. Hana haraka. Anajinyoosha nguo, noti kaishika kwa ncha za vidole, juu, ionekane. Anakuja anacheza, na njia anayopita si ya mkato, anazunguka makusudi apite mbele ya yule anayemkusudia. Pale mwendo unapungua. Shingo inageuka, kidogo tu. Halafu huyo, anakwenda zake kwa mwimbaji, anaweka noti, anarudi kuketi. Mwimbaji hajui lolote, yeye anaimba. Aliyepitiwa akiuliza "mbona umenitazama?" anajibiwa "nilikuwa naangalia pa kukanyaga." Atafanyaje? Hana kesi. Atangoja ubeti wake, naye anyanyuke. Nimewaona majirani wawili wakitunzana tangu usiku wa saa nne hadi karibu na adhana, kisha wakarudi kwao kwa miguu njia moja, mmoja kambebea mwenzie viatu.

Na nikwambie siri, beti zenyewe nyingi zilitungwa na wanaume. Mshairi wa watu mpole, kakaa pembeni na kikombe cha kahawa, pengine aliandika akimuwaza mkewe aliyemnunia. Wanawake wakauchukua ubeti wake wakaupeleka walikotaka wao. Yeye mwenyewe akisikia umefika wapi anashika kichwa.

Kanga ni mambo yale yale. Hii ya "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" inauzwa dukani kwa yeyote mwenye pesa. Ukiivaa ukapita mlangoni kwa jirani uliyegombana naye jana, akikuuliza unamwambia nimependa rangi. Atabaki anaisoma mgongoni mwako mpaka ukate kona.

Miaka ya 1990 kule Dar mambo yalikuwa ya moto kweli, bendi ya TOT upande mmoja na ya Muungano upande wa pili, Khadija Kopa huku, Nasma Khamis kule. Wimbo ukitoka leo, watu wanalipa kiingilio kwenda kusikia utajibiwaje. Waliokuwa hawapendi walisema taarabu imeharibika, imekuwa ya uswahilini. Mie nilikuwa naipenda hivyo hivyo ilivyoharibika. Lakini angalia, hata pale kulikuwa na majukwaa mawili. Aliyeambiwa alikuwa na bendi ya kujibia.

Sasa wewe ni MC. Huna ubeti wa kujifichia, maneno ya maiki yana mwenyewe na mwenyewe ni wewe. Na ukumbi mzima maiki ni moja. Huyo wifi atajibia wapi, kwenye sahani ya pilau? Atalia au atapindua meza, na vyote viwili wataandikiwa ndugu zake. Na huyo dada mteja usimwone hivi hivi, ni mjanja. Anataka atukane kwa mdomo wako, kesho wakikutana kwenye kikao cha harusi aseme "jamani yule MC hana adabu, sijui tulimtoa wapi." Elfu hamsini hiyo anakununulia lawama.

Fanya hivi. Mwambie DJ atafute nyimbo zake mbili tatu za maana aziweke tayari. Mwambie na mteja wako: ubeti ukimgusa, anyanyuke mwenyewe, kwa miguu yake, na noti yake, aje akutunze wewe au amtunze mwali. Kama jambo linamuuma kweli atanyanyuka. Kama alitaka tu kutumia mgongo wa mwingine, utamwona amekaa.

Wewe kwenye maiki ujiseme wewe. Wewe si wifi wa mtu? Basi waambie ukumbi ulivyokuwa ukienda kwa kaka yako kufunua masufuria kabla hujasalimia. Mawifi wote mle ndani watajiona, na hakuna atakayejua umemwangalia nani.

Huyo mama mkwe anayesema mwanamke kusimama mbele za watu ni kuvunja heshima, siku akiwa na nafasi msimulie habari za Siti binti Saad. Mtoto wa Fumba kule Unguja, mama yake mfinyanzi, yeye anazunguka kuuza vyungu akinadi kwa ile sauti. Mwaka 1928 kapanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri. Wenye husuda wakamtungia wimbo wa kumcheka, kwamba kaja mjini na kaniki na kama si sauti angekula nini. Hakwenda kushika mtu nywele. Kawajibu kwa ubeti pia, kwamba uzuri na ukoo si hoja, hasara ni mtu kukosa akili. Shaaban Robert akamwandikia kitabu Siti. Waliomcheka, nitajie jina la mmoja wao.

Binti Majengo, Mombasa

Bi Mwana amenena, shikamoo bi. Bibi yangu alikuwa mtu wa vugo. Kwa msiojua, harusini wanawake wanashika pembe za ng'ombe, wanazigonga kwa vijiti na kuimba. Ziko nyimbo za kumsifu bibi arusi, na ziko za kuwasema watu wa upande wa pili. Bibi alikuwa mcha Mungu wa kuswali usiku, lakini zile nyimbo za pili alizijua zote, na mpaka anafariki alikataa kunifundisha akidai amesahau. Alisahau vipi na alikuwa akizicheka peke yake jikoni?

Mimi nataka kukuuliza jambo jengine. Kazi yangu ni uuguzi, wadi ya kujifungulia. Watu wanadhani kule ni vilio tu. Akina mama wanatuchekesha sisi wauguzi, na katikati ya uchungu. Mmoja nilikuwa namjazia fomu, nikamuuliza jina la mume. Akangoja uchungu upite, akavuta pumzi, akasema, "Andika mshukiwa." Daktari alibidi atoke nje. Mwengine alimpigia mumewe simu, kwa sauti ya upole mno: "Njoo na shuka, na nguo za mtoto, na ukiwa njiani pitia msikitini utubu."

Nimewasikiliza miaka mingi na nimeona kitu. Wanayemcheka ni mume, ni daktari, ni mama mkwe, ni mimi nilieshinda nikimwambia "sukuma" na mimi mwenyewe nimesimama wima sina tatizo. Wanacheka wenye nguvu. Sijamsikia mama akimfanyia kichekesho yule wa kitanda cha pembeni aliyepoteza mtoto, au yule msichana mdogo aliyekuja peke yake. Hakuna aliyewakataza, hawafanyi tu.

Ndio nauliza dada fundi. Hiyo yako ya "bado anasalimia" ni tamu, nimecheka nikiwa kwenye matatu watu wakaniangalia. Lakini huyo wifi anaishi kwa kakake kwa sababu gani? Umeuliza? Kwa sababu mtu mzima hahamii kwa kakake kwa kupenda mandhari.

Na wewe Baba Mzigo, sisi huku tumekulia kichekesho cha Vitimbi kwenye TV ya KBC. Mama Kayai alikuwa akimpanga mumewe Ojwang sawasawa kila wiki na nyumba nzima ikicheka. Kwa jirani Uganda kuna Anne Kansiime. Badilisha stesheni.

Baba Mzigo

Mimi si nilisema nimekaa pale jamani.

Mke wa Mzaramo

Naona mnazungumza mipasho tu, utani mmeusahau. Mimi Mnyamwezi wa Urambo nimeolewa Kisarawe kwa Wazaramo, yaani nimeolewa na watani wangu. Utani wetu wa tangu misafara, wapagazi wa kwetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu wakipita kwao. Mume wangu mpaka leo ananiambia mahari alinilipa kwa chumvi.

Ngoja niwape msiba mmoja. Alifariki mzee jirani yetu, mtu wa watu, lakini mkali na mwenye mambo yake. Alikuwa na kiti chake ambacho hakuna mwingine anakalia, na redio yake ambayo hakuna mwingine anagusa. Nyumba imejaa, mjane ametulia kama jiwe, halii wala haongei, watu wameanza kuogopa. Nikaingia na watani wenzangu wawili. Shemeji yangu mmoja wa Kinyamwezi, mama mnene mwenye sauti, akachukua kofia ya marehemu na miwani yake, akavaa, akaenda kukaa kwenye kile kiti. Kisha akafoka kwa sauti ya marehemu, ile ile ya puani: "Nani kabadilisha redio yangu? Na chai yangu mbona haina sukari, mnanisubiri nife ndio mbane matumizi?"

Mjane aliinua kichwa. Akaangalia kile kiti. Akacheka, na kicheko kikageuka kilio, ndio akalia vizuri mpaka akamaliza, akaomba maji.

Mtu mwingine akifanya vile anapigwa. Sisi hatukuguswa, kwa sababu ni watani. Lakini wanaosimulia utani wanasahau nusu ya pili. Yule yule aliyevaa miwani ya marehemu ndiye aliyelala jikoni siku zote za matanga, kachota maji, kaosha masufuria ya watu wote, mikono imemvimba. Mtani hasemi akaondoka. Anakucheka na anakuoshea vyombo.

Kwa hiyo dada fundi, ukitaka ruhusa ya kumtania huyo wifi, umemfanyia nini? Umemshonea hata nguo?

Maiki ya Moshi

Nafanya kazi hii Moshi na Arusha, inanilipia ada za watoto, kwa hiyo nitajibu la mkate.

Elfu hamsini ya kuchamba usiipokee. Siyo kwa sababu ya ulokole, ni hesabu. Ukumbi wa kitchen party una wanawake wasiopungua mia, kila mmoja ana binti au mdogo wake ataolewa. Ukimdhalilisha mgeni mmoja wanacheka siku hiyo, halafu wanaogopa kukupa shughuli zao, kila mtu anawaza ya kwake.

Kabla ya shughuli mpigie mwenyekiti wa kamati. Muulize makabila ya pande zote mbili, nani mjane, nani kaachika, nani anatafuta mtoto, nani na nani hawasalimiani na wamepangwa meza zipi. Siwaulizi ili niwachekee, nauliza ili nisiwakanyage gizani. Huwezi kutoa kichekesho cha uzazi mbele ya mtu aliyetoka hospitali wiki iliyopita.

Makabila ndiyo dhahabu. Nikipata Mchaga anaolewa na Mpare, kazi yangu imekwisha nusu, wenyewe ni watani. Nawaambia Wapare, leo msituletee ile ya kuuza ng'ombe ili mshinde kesi ya kuku, hapa hamna mahakama. Wachaga wanacheka mpaka wanasahau kwamba zamu yao inakuja, nawaambia na nyie acheni kupiga hesabu ya sahani zimegharimu ngapi, pokeeni chakula. Pande zote zimepata, na hakuna mtu mmoja mmoja aliyeguswa.

La pili lisiloangusha ni michango. Hapo wote tumeumia sawa. "Nimeingizwa kwenye kundi saa sita usiku, sijasalimiwa, naona jina langu na mbele yake sifuri. Nikauliza nani anaoa, nikaambiwa we lipa kwanza utajua." Sijawahi kuona ukumbi ambao hilo halikuuchekesha, kwa sababu nusu ya walio mle ndani bado wanadaiwa.

Somo akisimama, wewe kaa chini. Wageni wa kazi hii wanaharibu hapo, wanataka kuchomekea vichekesho wakati kungwi anafundisha. Yule bibi na mwiko wake na mbuzi yake ya nazi anachekesha kukuzidi, na anafundisha humo humo. DJ kama ni mwanaume mtoe nje kwa muda huo akanywe soda, mabibi hawafunguki akiwepo. Nimejifunza mengi ya maiki kwa kuwaangalia makungwi. Wanasema jambo zito kabisa bila kutabasamu, ukumbi unaanguka, yeye anaendelea kama hajasikia. Usicheke kichekesho chako mwenyewe.

Na huyo wifi mpe kazi. Ukifika wakati wa zawadi mwite mbele, mpe mwiko, mwambie "dada, wewe ndiye unayemjua huyu kaka, tuonyeshe anapenda ugali wake mgumu kiasi gani." Atasonga, watu watamshangilia, na wala hutahitaji kusema kitu. Mtu aliyeshangiliwa na ukumbi ni vigumu kesho akaanza tena maneno ya mtoto wa nyumbani.

Bei zako nyingine tuongee pembeni, naona unajiuza rahisi.

Fundi wa Rangi Tatu

Wadau nimesoma yote, mengine nimeyasoma kwa sauti pale kwenye benchi na mama lishe akiwa anachangia kutoka kwenye moto wake. Bi Mwana, shikamoo, nitakutafuta nikija Tanga. Binti Majengo, "mshukiwa" nimeshaitumia mara kadhaa, usinidai.

Niliuliza ulichoniambia niulize. Wifi aliachika, karudi na watoto, na huko alikoachika alifukuzwa na wifi yake. Mteja wangu anayajua yote hayo, alikuwa ameyaacha kwenye maelezo. Basi ile ya kusalimia imebaki kwenye ovaloki.

Mke wa Mzaramo, swali lako la nguo limenikaa. Nimemtumia mtu ampelekee salamu kwamba sare yake ya njano aje nimpime mimi mwenyewe, hela ya mshono ni offa. Amekuja jana. Anachekesha yule mwanamke! Nimempima nikamwambia umepungua, akaniambia, "Sijapungua, nimegawana. Nusu iko kwa yule bwana, bado sijaenda kuidai." Nimemuomba ruhusa niitumie, amekataa, anasema ataisema mwenyewe nikimpa mwiko.

Mteja naye nimemwita. Nimemwambia elfu hamsini yake airudishe kwenye pochi, kwenye maiki yangu hakuna atakayetajwa, ila DJ atakuwa na nyimbo zake tayari na ubeti ukimgusa anyanyuke mwenyewe akatunze. Alinyamaza muda mrefu, anachezea kitambaa. Nikajua amekasirika. Kumbe alikuwa anapiga mahesabu. Akaniuliza, "Hivi fundi, nikitunza kwa buku mbili, itaonekana mpaka meza ya mbele?"

Bi Mwana wa Makorora

Hee! Vita vyote vile bajeti yake elfu mbili? Mwambie atoe msimbazi, ile elfu kumi. Wekundu ule unaonekana mpaka getini.